Vifungo vya Wasafiri

Nianze kwa kumsifu, maana huko mbele nafasi ya sifa itakuwa finyu. Mama Pasi alikuwa dobi hasa, si hawa wanaochovya nguo kwenye povu wakakurudishia uchafu wako ukinukia. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye duka lake lenye chumba kimoja mbele na ua nyuma, na miaka yote hiyo hakupoteza hata leso. Shati likiingia na doa la wino lilitoka halina. Likiingia na doa la aina nyingine alikutazama usoni, akaandika namba, akanyamaza, na siri yako ikafuliwa pamoja na shati.

Alikuwa na wasaidizi wawili. Kwenye masinki ya saruji uani alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa gauni la kazi la bluu lenye vifungo vya mbele, mwenye maneno machache kiasi kwamba wateja wapya walidhani ni bubu. Walimwita Kimya, naye hakubisha, maana kubisha kungehitaji maneno. Alikuwa amefua pale miaka tisa, na kwa kazi hiyo alimtunza mama yake aliyepooza miguu. Kwenye kamba za kuanikia alikuwa Mzee Kamba, ambaye maneno yote aliyoyakataa Kimya aliyachukua yeye.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Nguo ikipokelewa, ilibanwa kitambaa kidogo chenye namba. Mteja akisema ana safari, Kimya alifunga uzi mwekundu kwenye tundu la kifungo cha juu, ili nguo hiyo itangulie nyingine zote, maana sheria ya duka ilikuwa kwamba mwenye safari hasubirishwi. Nguo ikishakauka, Mzee Kamba aliipeleka kwenye meza ya pasi karibu na dirisha, na hapo hakugusa mtu isipokuwa Mama Pasi mwenyewe. Alinyoosha kola, akanyoosha mikono, kisha akapitisha kiganja cha kushoto juu ya nguo nzima akitafuta uzi uliochomoza. Akiupata aliukata kwa kimkasi kidogo alichokitundika shingoni, akautia mfukoni mwa aproni asichafue sakafu. Yote hayo aliyafanya macho yakiwa barabarani na mdomo ukiwa kwenye mazungumzo.

"Mikono yangu ina macho yake," alikuwa anasema.

Aproni yenyewe ilikuwa ya turubai, tabaka mbili, aliyoishona mwenyewe. Alifua nguo za mtaa mzima, lakini aproni yake aliifuta kwa kitambaa chenye maji akaitundika. Kinyozi hajinyoi.

Basi, miezi mitatu kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia, mwanawe wa pekee, kijana fundi wa mafriji, alimwambia wakiwa mezani kwamba amepata kazi nje ya nchi, mkataba wa miaka minne. Mama Pasi alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kumenya mpaka ganda likatoka zima, ndipo akasema, "Hongera, baba. Mungu akutangulie." Kesho yake akawatangazia wateja wote. Hakudondosha chozi hata moja. Watu wakamsifu, wakasema mama mwingine angelala kitandani wiki nzima. Yeye akajibu kwamba mtoto si wa kufungiwa kabatini.

Wiki hiyo hiyo pasipoti ya kijana ikapotea. Ilitafutwa siku mbili, ikaja kuonekana katikati ya mashuka ya nyumba ya wageni, yamekunjwa, yamefungwa, yanasubiri kuchukuliwa. Mama Pasi alicheka mpaka akashika mbavu. "Uzee huu," akasema. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na mashuka yale alikuwa ameyakunja mwenyewe, moja moja.

Halafu vifungo vikaanza kupotea.

Wa kwanza kurudi alikuwa karani wa mahakama. Alilitandaza shati juu ya kaunta, akaonyesha kwa kidole mahali pa kifungo cha pili kutoka juu. Hapakuwa na kitu, ila vijiuzi viwili vilivyokatwa vizuri. "Nimevaa alfajiri, niko kifua wazi," akasema. "Mpaka mke wangu apate sindano, gari limeniacha. Leo nimebaki nyumbani wakati nilitakiwa kuwa kwenye msiba." Mama Pasi aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akaomba radhi, akashona kifungo kipya hapo hapo. Lakini Mzee Kamba aligundua jambo moja akaliweka akilini. Siku ile mama alishinda anaimba.

Baada ya karani akaja mwalimu wa hesabu. Baada ya mwalimu, muuza vioo. Kisha ikawa kama mvua, wawili wiki hii, watatu wiki ijayo, na wote ni kifungo cha pili kutoka juu. Wateja wakaanza kukagua nguo zao kwenye kaunta kama watu wanaopokea maiti. Mama Pasi hakupata usingizi. Jina lake ndilo lililokuwa mtaji wake, na sasa jina lilikuwa linavuja na yeye haoni tundu.

Akaweka utaratibu mpya. Vifungo vikahesabiwa mbele ya mteja, Kimya akaandika idadi kwenye daftari. Vikahesabiwa tena vikitoka kwenye masinki. Vikahesabiwa mara ya tatu vikitoka kwenye kamba. Kila mahali vilihesabiwa isipokuwa kwenye meza ya pasi, maana pale alikuwa mwenyewe, na mtu hajipekui. Na bado vikapotea.

"Mwizi yumo humu ndani," alisema Mama Pasi.

"Tuko watatu," alisema Mzee Kamba. "Mimi vifungo sina pa kuvipeleka, hata shati langu hili nafunga kwa pini."

Walicheka, lakini Mama Pasi alikuwa anamtazama Kimya kupitia mlango wa uani. Alimtazama alivyoinama kwenye sinki, alivyokamua, alivyokung'uta. Ukimya ule ule alioupenda miaka tisa sasa ulimkera. Mtu asiyesema anaficha nini? Ndivyo akili inavyofanya kazi yake ikishaamua jibu kabla ya swali. Inaokota kila kijiti kilicho njiani na kukiita ushahidi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya wateja wengi. Walikuwa saba au wanane kwenye kaunta. Mwenye kampuni ya kuchimba visima akaja na shati lake jeupe, kifungo cha pili hakipo, akasema hataleta tena nguo pale. Mama Pasi akageuka, akamwita Kimya aje mbele na mikono yake yenye povu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Miaka tisa nimekulisha. Vua kitambulisho cha duka, nenda kwenu. Sitaki mwizi hapa."

Kimya alisimama, maji yakimdondoka vidoleni. "Mama," akasema, "mimi vifungo vya watu nitavifanyia nini?"

Swali lilikuwa zuri. Mtu mwenye akili zake angelisimamia hapo akalifikiria. Lakini mama mmoja muuza vitambaa aliyekuwa kwenye foleni akalijibu kwa niaba ya wote: "Vifungo vya watu havipotei bure. Kuna wanaovipeleka kunakohusika." Wateja wakatazamana. Mmoja akarudi nyuma hatua moja. Mama Pasi alijua kabisa kwamba Kimya si mtu wa mambo hayo. Alikuwa na neno la kusema, na hakulisema. Kimya alivua kitambulisho, akakiweka juu ya kaunta, akaondoka na gauni lake la kazi, limelowa mpaka magotini.

Habari mbaya haihitaji viatu. Ilipofika Jumatatu, nyumba alikopanga Kimya hakuna aliyechota maji kwenye ndoo moja naye. Akaenda kuomba kazi hotelini, akaambiwa watu wametosha. Akaenda hospitalini kwenye chumba cha kufulia, wakamuuliza, "Wewe si yule wa vifungo?"

Na Jumatano, mteja mwingine akarudi na shati. Kifungo cha pili.

"Alikikata kabla hajaondoka," alisema Mama Pasi haraka.

Mzee Kamba alilitazama shati. "Mama, shati hili limeingia jana."

"Basi alipita dirishani."

"Loo. Mwizi huyo ana mkono mrefu," alisema Mzee Kamba. Akaenda zake kwenye kamba, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, hakusema kitu kingine.

Alhamisi saa nne asubuhi Kimya akarudi. Alikuja na mjomba wake, dereva mstaafu wa malori, mtu mzima mwenye fimbo na maneno ya polepole. Hawakuja kugombana. Mjomba aliketi kwenye benchi la wateja, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Dada yangu," akasema, "mimi sikuja kumwombea kazi mtoto wangu. Nimekuja kuomba jina lake. Mama yake kitandani hali chakula, anauliza mwanangu amekuwa mchawi lini. Kama una ushahidi tuonyeshe, tuondoke na aibu yetu. Kama huna, tuambie pia."

Mama Pasi alikuwa mezani na pasi mkononi. Mbele yake palikuwa na shati la rangi ya maziwa, la mganga wa mifugo aliyekuwa anasafiri kesho yake. Hakuiacha kazi, maana aliyeacha kazi ni kama amekubali kosa. Akaongea huku ananyoosha.

"Ushahidi gani zaidi ya huo, kaka yangu? Tuko watatu humu. Mzee namjua, mimi najijua." Akageuza kola. "Nguo zinaingia na vifungo, zinatoka hazina. Sasa vinakwenda wapi? Vina miguu?" Akaweka pasi kwenye kigae chake, akaanza kupitisha kiganja juu ya kifua cha shati. "Mimi sijamsingizia mtu. Nimeona kwa macho yangu jina langu linavyochafuka. Unajua nimelijenga jina hili miaka mingapi? Mtu anakuja, anakaa kimya, unamwona mwema, kumbe..."

Mkono wa kulia ukainua kimkasi. Kiganja cha kushoto kilikuwa kimefika kwenye kifungo cha pili, na dole gumba na cha shahada vikakishika, vikakivuta juu kidogo, taratibu, kama unavyomshika mtoto sikio. Kimkasi kikaingia chini yake. Kikafunga. Kifungo kikaenda mfukoni.

"...kumbe ana lake jambo," alimalizia Mama Pasi, na kiganja kikaendelea kushuka kutafuta uzi mwingine.

 Aliendelea maneno mawili matatu kabla hajahisi kwamba chumba kimebadilika. Akainua macho. Mjomba alikuwa amefungua mdomo na hakuufunga. Mzee Kamba alikuwa mlangoni na beseni, ameduwaa. Kimya alikuwa amejishika shavu.

"Mnanitazama nini?" akauliza.

Mjomba akaegemea fimbo yake. "Dada," akasema, kwa upole kabisa, "umeweka nini mfukoni?"

"Uzi."

"Toa tuone."

Akataka kukasirika. Akaingiza mkono mfukoni kwa nguvu, aunyooshe uzi huo mbele ya macho yao aone watasema nini. Vidole vikapapasa. Vikakuta nyuzi, na chini ya nyuzi tundu, na kwenye ukingo wa tundu kitu kidogo cha mviringo kilichonasa kwenye mshono, bado kina joto la pasi. Akakitoa. Akakitazama. Akalitazama shati.

Nimewahi kumwona mtu akipokea habari ya kifo kwa simu. Uso wa Mama Pasi ulikuwa hivyo, ila simu yenyewe ilikuwa mkono wake. Alikiweka kifungo juu ya meza, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga rafu. "Nani amekitia hapa?" akauliza. Na aliuliza kwa dhati, jamani, hakuwa anaigiza. Macho yake yalizunguka kwenye nyuso zao akitafuta mtu wa tano.

"Mama," alisema Kimya, "ni wewe. Sasa hivi. Ukiongea."

"Mimi?"

"Wewe."

Mzee Kamba aliweka beseni chini, akaja, akashika pindo la aproni akalipima kwa kiganja. Likaning'inia zito kama soksi yenye mchanga. Mama Pasi alikuwa amehisi uzito huo wiki nyingi, akadhani ni magoti yake yanazeeka. Mzee akachukua kimkasi, akafumua mshono wa chini. Vifungo vikamwagika sakafuni vikikimbia kila upande, vyeupe, vya maziwa, vya bluu, kimoja kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mjomba. Vilikuwa thelathini na nane.

 Akakaa sakafuni katikati ya vifungo, mwanamke ambaye hajawahi kupoteza leso. Mikono yake aliiweka mbele yake kwenye paja, viganja juu, akawa anaitazama kama mikono ya mtu asiyemjua aliyeisahau pale. Alijua kunyoosha, alijua kukunja, alijua kuhesabu. Hili hakulijua. Mwili wake mwenyewe ulikuwa umefanya kazi nyuma ya mgongo wake miezi mitatu, mchana kweupe, mbele ya dirisha.

"Nimerogwa," akanong'ona.

"Hujarogwa," alisema Kimya. Alikuwa amechukua daftari kwenye kaunta, anapitisha kidole kwenye kurasa, na sasa alisema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema kwa mwezi. "Karani alikuwa anasafiri. Mwalimu alikuwa anasafiri. Muuza vioo, safari. Wa visima, safari. Nguo zote hizi nilizifunga uzi mwekundu mimi mwenyewe. Hakuna hata moja ya mtu asiye na safari." Akainua macho. "Mama, hicho kifungo ulichokuwa unatusimulia. Cha baba yako."

Wote walikuwa wanakijua kisa hicho. Mama Pasi alikisimulia kila mwaka kama kichekesho. Alipokuwa na miaka sita, baba yake alifanya kazi mbali, na gari la kwenda huko lilipita mara moja tu kwa siku, alfajiri. Alikuwa na shati moja jeupe la safari. Asubuhi ya kuondoka, kifungo cha pili hakikuwepo, kimedondoka. Mama yake akamkataza mumewe asitoke kifua wazi kama mlevi. Wakatafuta kifungo, wakatafuta sindano, na gari likapita. Baba akacheka, akavua viatu, akakaa siku moja zaidi. Siku hiyo alitengeneza mguu wa kigoda, akamfundisha bintiye kupiga mluzi, wakala pamoja kwenye sahani moja. Kesho yake akaondoka. Hakurudi tena, wala haikuja barua, wala mtu wa kusema nilimwona mahali fulani.

Mama Pasi alikuwa bado amekaa sakafuni. Ulimi wake ukaanza kutembea ndani ya shavu, kama mtu anayetafuta mabaki ya chakula. Ulimi ulikuwa unakumbuka kitu. Ulikuwa unakumbuka ladha ya wanga wa nguo, na ukingo laini, na vitundu vinne.

"Hakikudondoka," akasema.

"Nini?"

"Kifungo. Nilikikata mimi. Kwa meno, baba akiwa anaoga. Nikakificha hapa shavuni, siku nzima." Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akasemea humo humo. "Miaka arobaini na sita nasimulia kwamba kilidondoka. Mungu wangu. Nilikuwa naamini."

Mzee Kamba akavua kofia. Mjomba akatazama sakafu. Mtu mzima akilia kwa kitu alichokifanya akiwa na miaka sita, utamwambia nini? Haikuhitajika kumwuliza kwa nini vifungo vilianza miezi mitatu iliyopita. Safari ya kijana ilikuwa kesho yake.

Jioni ile, kabla taa hazijawashwa, alimkalisha mwanawe mezani. "Baba, mimi sijafurahi," akamwambia.

Kijana akaweka kijiko chini. "Unaumwa?"

"Siumwi. Sijafurahi unavyoondoka. Nimekudanganya miezi mitatu, na mimi mwenyewe nilidanganyika. Pasipoti ile niliificha mimi. Sikujua, lakini ni mimi."

"Mama, unataka nisiende?"

"Ndiyo," alisema. "Na nataka uende. Yote mawili. Hilo la kwanza nilikuwa silisemi, likatafuta pa kutokea." Kijana akainamisha kichwa mezani akalia kama mtoto, naye akalia, machozi yote aliyosifiwa kwa kutoyatoa. Ijumaa asubuhi hakuligusa shati la safari. Alikaa kwenye benchi, mikono ameikalia, huku Mzee Kamba ambaye hajawahi kushika pasi maishani akihangaika na kola. Kola ikatoka na mkunjo wa kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kijana akalivaa hivyo hivyo, vifungo vyote saba mahali pake, na gari halikumwacha.

Lakini deni la moyo wake lililobaki lilikuwa kubwa kuliko hilo. Kimya alikuwa amesema neno moja tu kabla ya kuondoka Alhamisi: "Uliponivunjia jina, ndipo utakaponirudishia." Jumamosi, basi. Kaunta. Wateja.

Akaja Kimya na gauni lake la bluu, akasimama pale pale aliposimama na povu mikononi. Wateja walikuwa wengi kuliko wiki iliyopita, fununu ilishawaita. Mama Pasi akamwaga vifungo thelathini na nane juu ya kaunta kutoka kwenye bakuli. Alisema yote, kimkasi, mfuko, tundu, pindo, bila kujitetea. Akamgeukia muuza vitambaa akamwambia, "Na lile neno lako, nilijua ni uongo, nikaliacha lipite." Muuza vitambaa akajifanya anatafuta kitu kwenye pochi. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mwingine akachukua mzigo wake akatoka. Hakuamini hata neno. Karani wa mahakama, aliyeona maungamo mengi kazini kwake, alitikisa kichwa tu kama mtu aliyeshikwa na baridi.

"Sina la kukupa," Mama Pasi akamwambia Kimya. "Rudi kazini. Mahali pako pako pale pale. Kitu kimoja tu sikielewi mpaka leo. Tulikuwa watatu. Kwa nini nilikushika wewe, nisimshike mzee?"

"Mimi naelewa," alisema Kimya. "Ile karatasi ya tangazo la kazi ya mwanao. Nani aliileta hapa?"

 Mama Pasi akafumbua mdomo. Alikuwa amesahau. Alikuwa amesahau kabisa, kama alivyosahau kifungo shavuni. Kimya ndiye aliyelikuta tangazo hilo limebandikwa, akalinakili kwenye karatasi, akamletea kijana. Mama Pasi alimshukuru siku ile na kumzawadia khanga mpya. Sasa alihisi sakafu imehama. Kumbe hata hasira yake, ile aliyoiita haki, ilikuwa inatoka chumba kile kile ambacho hakuwa na ufunguo wake.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema.

"Nimekusamehe," alisema Kimya. "Vidole vyako havikujua, nakubali. Labda na moyo wako haukujua. Lakini mimi, mama, ulikuwa unanijua. Miaka tisa." Akavuta pumzi. "Nimepata kazi hospitalini. Karani huyu alikwenda jana kunisemea. Sirudi."

Alisema bila ukali wowote, na akageuka kuondoka, lakini hakuweza. Kitu kilimshika. Akatazama chini, na wateja wote wakatazama, na Mama Pasi mwenyewe akatazama, mwishoni kabisa, kama mtu anayesukumwa aangalie. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevuka kaunta. Dole gumba na cha shahada vilikuwa vimeshika kifungo cha pili cha gauni la bluu, vimekivuta juu kidogo, taratibu.

Kimya hakuupiga ule mkono wala hakuutoa. Alisimama akasubiri. Mama Pasi akavitazama vidole vyake, akaviamrisha, vikakataa, akaviamrisha tena. Kikaachia kimoja, kisha cha pili. Kimya akanyoosha kifua cha gauni lake kwa kiganja, akawaaga wateja, akatoka.